Shahada Nayo Ipimwe Kabla ya Kununuliwa

KILA mwaka, ufikapo mwezi wa Julai, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita hutangazwa, na nyumba nyingi za mkoa huu huingia katika shughuli nzito kuliko ile ya mavuno. Katika Kata ya Segese, Halmashauri ya Msalala, mzazi ambaye kijana wake amefaulu huanza kuhesabu: magunia ya mpunga yaliyobaki ghalani, fedha za pamba, na ng'ombe wa kupelekwa mnadani. Hesabu hiyo si ya anasa hata kidogo. Ni hesabu ya kuamua kama mali ya ukoo mzima, iliyokusanywa kwa jasho la miaka mingi, iwekwe katika kitu kimoja tu, yaani karatasi atakayopewa kijana huyo baada ya miaka mitatu, minne au mitano ya masomo.

Gazeti hili halina ugomvi na uamuzi wa namna hiyo. Zamani ilisemwa kwamba mfugaji wa huku hawezi kuuza ng'ombe kwa ajili ya shule. Leo maneno hayo yamekwisha kuwa uzushi. Wazazi wanauza, na wanauza kwa moyo. Tunalouliza leo ni jambo moja. Je, yule anayepokea fedha za mzazi huyo amelazimishwa kumweleza, kabla hajazipokea, ni nani atakayeitambua karatasi hiyo, na ni nani atakayeikataa?

Tunauliza kwa sababu watu wengi wanaamini kwamba chuo kikiwa kimesajiliwa na Serikali, basi kila shahada inayotolewa hapo imekwisha kukubaliwa na kila mwenye mamlaka. Imani hiyo ni ya haki, lakini si ya kweli. Kati ya usajili wa chuo na kijana kuruhusiwa kuifanya kazi aliyoisomea ipo milango kadhaa, na kila mlango una bawabu wake. Mzazi wa Segese huonyeshwa mlango wa kwanza tu, ule wa kulipia ada.

Yafaa tuieleze milango hiyo kwa lugha nyepesi. Mlango wa kwanza ni wa chuo chenyewe. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoanza kazi Julai 2005 kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka huo ikichukua nafasi ya Baraza la Ithibati lililoundwa mwaka 1995, ndiyo inayochunguza kama chuo kina majengo, maktaba, maabara, walimu na fedha za kutosha, ndipo ikakipa ithibati. Kwa vyuo vinavyotoa astashahada na stashahada za ufundi, kazi hiyo hufanywa na baraza jingine, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997 na ambalo siku hizi tunalijua kwa jina la NACTVET.

Mlango wa pili ni wa programu ya masomo. Chuo chaweza kuwa na ithibati halali kabisa, na bado programu moja ndani yake ikawa haijaidhinishwa, au kibali chake kimesimamishwa. Mlango wa tatu ni wa bodi ya taaluma. Wahandisi wana Bodi yao ya Usajili, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1997. Madaktari wana Baraza la Madaktari. Wahasibu, wafamasia, wauguzi, wasanifu majengo na wengineo kadhalika. Mlango wa nne ni wa mhitimu mwenyewe, ambaye hata kama programu yake imetambuliwa, hana budi kupita katika mafunzo ya vitendo au mtihani kabla ya kuitwa mtaalamu kamili. Mhitimu wa uhandisi, kwa mfano, huandikishwa kwanza kuwa mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka mitatu katika mpango ulioanzishwa na Bodi mwaka 2003, ndipo aombe usajili wa mhandisi mtaalamu.

Hatusemi kwamba milango hii ni mibaya. La hasha! Daraja likianguka, au mgonjwa akifa kwa dawa isiyo yake, hakuna atakayefarijika kwa kuambiwa kwamba aliyehusika alikuwa na joho na picha nzuri ya mahafali. Milango imewekwa ili kumlinda raia. Tunalolalamikia ni kwamba mabawabu hawa hawazungumzi kwa sauti moja, na kwamba aghalabu kijana huja kuujua mlango wa tatu baada ya kuulipia na kuumaliza ule wa kwanza.

Mifano ipo, wala haina haja ya kutafutwa mbali. Mwezi wa Februari 2016 Tume ilifuta vibali vya matawi mawili ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu, yaliyokuwa Songea na Arusha, na wanafunzi waliokuwa katikati ya masomo wakalazimika kuhamishiwa vyuo vingine. Mwaka uliofuata, 2017, Tume ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya wa mwaka wa masomo 2017/2018, na ikasimamisha programu 75 katika vyuo vingine 22. Baadhi ya vyuo hivyo viliruhusiwa tena baada ya kurekebisha kasoro zake. Tuliipongeza Tume kwa ukali wake, na pongezi hizo hatuziondoi. Lakini yafaa tujiulize: programu 75 zilizoonekana hazifai kupokea wanafunzi wa mwaka huo zilikuwa zikiwapokea wa miaka iliyotangulia kwa ruhusa ya nani? Na wale waliokwisha kuingia, walipewa maelezo gani kuhusu thamani ya karatasi watakayotoka nayo?

Mfano wa pili ni wa wanasheria. Oktoba 2022 nchi nzima ilishtushwa na matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walikatishwa masomo. Mjadala ulikuwa mkali, hata Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Ndugu Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dakta Harrison Mwakyembe kuchunguza. Wengine waliilaumu Taasisi kwa ukali, wengine walivilaumu vyuo kwa ulegevu. Sisi tunakumbusha jambo moja lililopotea katika makelele yale. Vijana wale hawakuokotwa njiani. Walikuwa na shahada za sheria. Ikiwa shahada ilikuwa nzuri, basi mtihani ulikuwa na kasoro. Na ikiwa mtihani ulikuwa wa haki, basi baadhi ya shahada hazikuwa na uzito ulioandikwa juu yake. Vyovyote iwavyo, aliyelipa gharama ya kutokuelewana kwa wakubwa alikuwa kijana na mzazi wake.

Majirani zetu wa Kenya walifika mbali zaidi. Huko, wahitimu zaidi ya mia moja wa uhandisi kutoka vyuo vya umma walikataliwa na bodi ya wahandisi kwa hoja kwamba programu walizosoma hazikuwa zimetambuliwa nayo. Walikwenda mahakamani. Shauri likapanda kutoka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Rufani, na mwisho likafika Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu yake mwaka 2018. Hatutaki kurudia hapa mabishano ya mawakili. Lililo muhimu ni kwamba vijana waliosomea madaraja na mitambo walitumia miaka ya ujana wao katika korido za mahakama, kwa sababu chombo kimoja cha Serikali kiliwafundisha na chombo kingine kikasema hakiwajui. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

Msomaji aweza kusema kwamba mambo haya ni ya Dar es Salaam na Nairobi, na kwamba Segese ina shida zake za maji na barabara. Twamjibu kwamba hakuna mahali ambapo suala hili lina uzito kuliko katika ukanda huu wa dhahabu. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na wa Bulyanhulu, ulioko katika halmashauri hii hii ya Msalala, ulianza mwaka 2001. Buzwagi ukafuata mwaka 2009, na mwaka 2021 uzalishaji wake ulikwisha. Kwa muda wote huo, kilio cha wananchi wa vijiji vinavyoizunguka migodi kimekuwa kimoja: watoto wetu huchukuliwa kwa kazi za ulinzi, usafi na kubeba, lakini kazi za kupima, kusanifu na kuamua hufanywa na watu wa kutoka mbali.

Serikali imekisikia kilio hicho. Kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinawapa Watanzania kipaumbele katika ajira za migodini. Lakini kipaumbele hakimpi mtu kazi ikiwa karatasi yake haisomeki mbele ya mwajiri. Kampuni inayotaka kukwepa kanuni haihitaji hila kubwa. Inatosha kusema kwamba imetafuta Mtanzania mwenye sifa na haikumpata. Kila shahada isiyotambuliwa inamwongezea nguvu msemaji wa maneno hayo. Kila shahada inayotambuliwa na bodi inamnyang'anya.

Tena katika kazi ya dhahabu, kutambuliwa si jambo la heshima tu. Ni suala la fedha, na fedha nyingi. Mwaka 1997 kampuni moja ya Kanada iliyoitwa Bre-X, iliyokuwa imetangaza kwamba imegundua dhahabu tele huko Busang, Indonesia, iliporomoka baada ya kubainika kwamba sampuli za mawe zilikuwa zimenyunyiziwa dhahabu. Watu wengi walipoteza akiba zao. Kutokana na aibu hiyo, Kanada ilitunga kanuni iliyoanza kutumika mwaka 2001, inayosema kwamba taarifa ya kiasi cha dhahabu kilichomo ardhini sharti isimamiwe na mtu mwenye sifa maalumu: awe amesoma, awe na uzoefu wa angalau miaka mitano, na awe mwanachama wa chama cha taaluma kinachotambuliwa, chenye uwezo wa kumwadhibu akidanganya. Nchi nyingine zenye masoko makubwa ya hisa zina masharti yanayofanana na hayo.

Maana yake kwetu ni hii. Kampuni ya Barrick, inayoendesha Bulyanhulu kwa ubia na Serikali yetu kupitia Twiga, huuza hisa zake katika masoko ya Toronto na New York. Kijana wa Segese aweza kusoma jiolojia, akayajua mawe ya kwao kuliko mgeni yeyote, na bado asiruhusiwe kuweka sahihi chini ya hesabu ya dhahabu iliyomo chini ya shamba la babu yake, ikiwa hana chama kinachotambuliwa nyuma yake. Atachimba, atapima, ataandika. Sahihi itawekwa na mwingine. Huo ndio umbali uliopo kati ya kusoma na kutambuliwa.

Tusije tukadhani kwamba nchi hii ni mgeni katika mambo haya. Chuo chetu cha kwanza kilipofunguliwa Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 1961, kikianza na fani ya sheria na wanafunzi wachache, shahada zake zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Hatukuwa na mizani yetu. Tuliazima ya mkoloni. Mwaka 1963 kikaundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na nchi tatu zikagawana kazi: uganga Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Tarehe 1 Julai 1970 ndipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposimama peke yake, na mwaka 1973 kikaanzisha kitivo chake cha uhandisi. Tangu hapo Taifa lilichukua dhamana ya kusema mbele ya ulimwengu: huyu tumemfundisha sisi, na neno letu linatosha.

Neno la Taifa ndilo kiini cha ithibati. Muhuri wa Tume ni ahadi, na ahadi ni deni. Na kadiri vyuo vilivyozidi kuwa vingi ndivyo thamani ya ahadi hiyo ilivyozidi kutegemea uangalizi. Zamani palipokuwa na chuo kikuu kimoja, kila mtu alijua shahada imetoka wapi. Leo vyuo ni vingi, vya umma, vya dini na vya watu binafsi, na baadhi yao hutangaza programu zenye majina mapya ambayo hata mwajiri hayajui. Wingi huo ni neema kwa nchi iliyokuwa na kiu ya elimu. Lakini soko likiwa na wauzaji wengi, mizani ya Serikali ndiyo inayomwokoa mnunuzi.

Hapo ndipo tunapotaka viongozi wetu wakumbuke somo ambalo ukanda huu umekwisha kulifundisha Taifa. Kwa miaka mingi mchimbaji mdogo alitoka duarani na dhahabu yake akaipeleka kwa mnunuzi, na mnunuzi ndiye aliyekuwa na mizani, ndiye aliyesema ni safi kiasi gani, na ndiye aliyetaja bei. Mchimbaji alipokea alichopewa, akaondoka. Machi 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifungua Soko la Madini la Geita, na masoko mengine yakafuata katika mikoa ya madini. Sokoni humo dhahabu hupimwa uzito na usafi mbele ya mwenyewe, ofisa wa Serikali akiwapo, kabla ya fedha kubadilishana mikono. Hatudai kwamba kila kasoro imekwisha. Lakini hakuna tena anayehoji kwamba kupima kwatangulia kulipa.

Ikiwa Serikali imeweza kumlinda mwenye gramu chache za dhahabu asidhulumiwe, kwa nini ishindwe kumlinda mwenye kununua shahada kwa thamani ya zizi zima? Leo mzazi anauziwa mbuzi kwenye gunia. Hulipa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, na gunia hufunguliwa siku kijana anapopeleka fomu zake kwenye bodi.

Tunatambua kwamba wapo watakaopinga. Baadhi ya wanavyuo husema kwamba chuo kikuu si karakana. Kwamba kazi yake ni kumfundisha mtu kufikiri, na kwamba bodi za taaluma zikipewa nguvu juu ya mitaala, zitauua uhuru wa elimu. Hoja hiyo tunaiheshimu. Mwanafunzi wa falsafa, historia au fasihi hana bodi inayomsubiri, na hatutaki awekewe. Lakini chuo kinapotangaza kwamba kinafundisha uhandisi wa migodi au utabibu, kinakuwa kimeahidi zaidi ya fikra. Kimeahidi kazi ambayo sheria ya nchi hairuhusu kufanywa na asiyesajiliwa. Aliyetangaza hivyo hawezi, mwisho wa miaka minne, kujificha nyuma ya uhuru wa elimu.

Wapo pia wanaozishuku bodi zenyewe. Husema kwamba wataalamu waliokwisha kukaa ndani hupenda kuufunga mlango ili soko libaki lao, na kwamba bodi huweza kukikataa chuo kipya cha mkoani kwa sababu tu hakifanani na kile walichosoma wao. Hilo nalo si neno la kupuuzwa. Bodi isiyotoa sababu za kukataa, au inayoiacha barua ya chuo mezani kwa miaka, inawaumiza wanafunzi sawasawa na chuo kisicho na maabara. Mamlaka ya kukataa lazima yaende pamoja na wajibu wa kueleza.

Kwa hiyo basi, gazeti hili linapendekeza mambo manne.

Kwanza, kwa kila taaluma yenye bodi kisheria, Tume isiruhusu programu mpya kupokea hata mwanafunzi mmoja kabla bodi husika haijatoa jibu lake kwa maandishi. Bodi ipewe muda maalumu wa kujibu, na ikikataa itaje kasoro moja moja, ili chuo kijue cha kurekebisha. Kikao cha Tume na bodi kifanyike kabla ya udahili, si baada ya mahafali.

Pili, kitabu cha mwongozo wa udahili ambacho Tume hukitoa kila mwaka, na ambacho kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, kitolewe pia kwa Kiswahili. Mbele ya kila programu iandikwe wazi: imeidhinishwa mpaka mwaka gani, ni bodi ipi inayoitambua, na kama haijatambuliwa, isemwe hivyo bila kificho. Nakala ziwekwe katika ofisi za kata na katika kila shule yenye Kidato cha Tano na cha Sita. Kila mwaka vyuo hufanya maonyesho yao katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Ni jambo zuri, lakini kutoka Segese hadi Mnazi Mmoja ni karibu kilomita elfu moja. Mwenye kuuza ng'ombe ili alipe ada hawezi kuuza mwingine ili apate nauli ya kwenda kuuliza.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, mzigo wa programu kufungiwa au kukataliwa uhamishwe kutoka mabegani mwa mwanafunzi. Chuo kilichopokea ada kwa programu ambayo hakikuwa na haki ya kuitangaza kirudishe ada hiyo. Chuo ambacho kibali chake kimefutwa katikati ya masomo kigharimie uhamisho, na kabla ya kupewa kibali kiwe kimekwisha kuweka dhamana kwa ajili hiyo. Tunakumbusha kwamba mwanafunzi mwenye mkopo wa Serikali, akishaajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Si haki kumdai mtu bei ya chombo ambacho Serikali ile ile imekataa kukitambua. Marejesho yake yasimamishwe mpaka apatiwe njia ya kukamilisha kilichopungua.

Nne, wale ambao wamekwisha kuhitimu katika programu zenye utata wasitupwe. Yawekwe masomo ya nyongeza au mitihani maalumu, yenye gharama nafuu na muda unaojulikana, ili mwenye uwezo athibitishe uwezo wake. Kijana hakuitunga mitaala, hakuajiri walimu, wala hakutoa kibali. Kumwadhibu yeye peke yake ni kumpiga aliyeibiwa ukamwacha mwizi.

Hayo tumeyaelekeza kwa wenye mamlaka. Lakini hatutakuwa tumetimiza wajibu wetu tusipowaambia neno wazazi na vijana wenyewe. Kabla ya kupeleka shilingi moja, ulizeni maswali matatu, na mdai majibu ya maandishi. Je, chuo hiki kina ithibati leo hii, si mwaka juzi? Je, programu hii, kwa jina lake kamili, imo katika mwongozo wa Tume wa mwaka huu? Na je, bodi ya taaluma hii imekwisha kuwasajili wahitimu wa programu hii? Kwa anayetaka kusoma nje ya nchi, aiulize Tume kabla ya kupanda basi au ndege, maana ndiyo itakayoombwa kuitambua shahada yake atakaporudi. Chuo chenye haki hakitachukizwa na maswali hayo. Kikichukizwa, hilo nalo ni jibu.

Walimu wa sekondari nao, hasa walimu wakuu na wale wa ushauri, wana nafasi kubwa. Mara nyingi mwalimu ndiye mtu pekee kijijini aliyewahi kukanyaga chuo kikuu, na neno lake huaminiwa kuliko tangazo la redio. Asilitoe kwa kukisia. Madiwani na watendaji wa kata, ambao hutumia vikao virefu kujadili michango ya madawati, watenge angalau kikao kimoja kila mwezi wa Julai kwa ajili ya kazi hii.

Afrika Mashariki inazidi kuwa uwanja mmoja. Mwaka 2012 bodi za wahandisi za Kenya, Tanzania na Uganda zilitia saini mjini Arusha mkataba wa kutambuana, ili mhandisi aliyesajiliwa katika nchi moja aweze kufanya kazi katika nyingine. Ni hatua ya kujivunia. Lakini mkataba huo unamfaa aliyekwisha kusajiliwa nyumbani. Asiyetambuliwa Dodoma hatatambuliwa Kampala. Tukizembea hapa, mipaka itafunguka na watakaopita kuja kufanya kazi katika migodi yetu watakuwa wengine, na kisheria watakuwa na haki.

Usione vyaelea, vimeundwa. Sifa ya shahada ya Tanzania iliundwa na walimu na wanafunzi waliofanya kazi ngumu tangu siku za mwanzo, wakati ambapo wengi duniani hawakuamini kwamba Mwafrika aweza kujitolea shahada yake mwenyewe. Sifa hiyo ni mali ya umma kama ilivyo dhahabu ya Bulyanhulu, nayo yaweza kuibiwa kama dhahabu, kidogo kidogo, kwa programu moja isiyo na mwalimu na kibali kimoja kilichotolewa bila kuuliza.

Mwaka huu tena, huko Segese, ng'ombe watakwenda mnadani. Mnunuzi atawazunguka, atawatazama meno, atawapima kwa macho, ndipo atoe fedha, wala hakuna atakayemwona mkorofi. Tunataka muuzaji wa ng'ombe hao, atakapokwenda na fedha hizo kununua elimu ya mwanawe, apewe haki ile ile aliyompa mnunuzi wake.